Herufi Bubu

Naliaka ana miaka kumi na mmoja na kalamu nyekundu.
Mimi nina sitini na mitatu na penseli.
Sahani zikishaoshwa ananisogezea kitabu chake cha Kiingereza:
"Kuka, soma kimya kwanza, halafu kwa sauti."
Nasoma kimya. Midomo inacheza.
"Na midomo inyamaze," anasema.

Juzi taarifa ilimhusu mvulana, Tomu,
aliyepotewa na mbwa wake kwenye theluji.
Swali la tatu: kwa nini Tomu alilia?
Nikaandika: alilia kwa sababu baridi ilikuwa kali
na nyumbani hakukuwa na wa kumwashia moto.
Kalamu nyekundu. Mkasi.
"Hayo hayamo kwenye taarifa, Kuka.
Jibu huwa limo ndani. Rudi aya ya pili."
Nikarudi aya ya pili. Alimlilia mbwa.
Sawa.
Lakini baridi pia ilikuwepo.

Kisha msamiati.
Kisu chao kina herufi mbele isiyotamkwa.
Goti vilevile. Fundo. Hata kubisha hodi.
Na kujua kwao huanza na herufi hiyohiyo bubu,
imekaa kizingitini, haiingii wala haiondoki.
"Sasa ya nini?"
"Ndivyo inavyoandikwa."
"Nikiiacha?"
"Mkasi."

Mtoto huyu hajui kwamba Webuye ilinuka.
Upepo ukigeuka kutoka Nzoia,
harufu ya kabichi iliyochacha ilitufuata hadi kitandani,
nasi tukaambiana: huo ni mshahara unapita.
Miaka kumi na minane nilisimama kwenye mashine ya kukata karatasi,
rimu kwa rimu, nyeupe, kingo zikininyoa vidole.
Madaftari ya watoto wa watu yalipita mikononi mwangu
yakiwa bado hayana neno hata moja.
Kwa hiyo msiseme sikupitia vitabu.

Siku ya mwisho tulipewa barua, kila mtu yake.
Msimamizi akasema, "Mmepumzishwa kidogo. Tieni sahihi hapa."
Nikatia. Jina langu naliandika vizuri,
ile S ya Simiyu nailaza kama nyoka aliyeshiba.
Barua nikaiweka kwenye mkebe wa biskuti,
chini ya cheti cha ubatizo,
nikapumzika kidogo.
Mwaka. Miaka miwili. Mabati ya kiwanda yakaota kutu.
Nikalima miwa ya jirani, nikachunga ng'ombe wa shemeji,
nikiwaambia watu nasubiri kuitwa.

Jana usiku, Naliaka akiwa amelala, niliufungua mkebe.
Nikasoma kimya. Midomo ikanyamaza.
Maneno mengi yalinikubali: jina langu, tarehe, asante,
hata lile la kusikitika.
Moja likagoma. Herufi tisa.
Nikalifuata kwenye kamusi, kidole kikitambaa
kama mtu anayetafuta funguo gizani,
nikalikuta chini kabisa ya ukurasa:
kisichohitajika tena; cha ziada.

Kama nililia,
hayo hayamo kwenye taarifa.

Leo nimempa Naliaka neno hilo.
"Gumu, Kuka. Umelitoa wapi?"
"Kwenye karatasi fulani. Tulitungie sentensi."
"Anza wewe."
Nikaandika kwa Kiingereza, nikifuta mara tatu, karatasi ikichubuka:
Herufi ya mbele katika kisu ni ya ziada.

Akasoma. Akakunja uso kama mwalimu wake, Khisa,
kalamu nyekundu ikielea juu ya daftari.
"Sarufi ni sawa," akasema. "Lakini si kweli.
Ukiitoa hiyo, kinachobaki si neno."
"Hata kama haitamkwi?"
"Hata kama."

Hakuweka vema, hakuweka mkasi.
Nikamwacha hapo anatafuna kifuniko cha kalamu,
nikatoka kuwafungia kuku.